Mtumwa, Mtumishi, Mtumikiaji: Watoto wa Misheni ya Bagamoyo

Katika vipindi vya sarufi vya chama chetu hakuna mzizi unaozua mabishano kama -tum-. Aliyetumwa na Mungu ni mtume. Anayetumwa na bwana wake bila ya kuwa na la kusema ni mtumwa. Afanyaye kazi ya serikali au ya kanisa ni mtumishi. Na yule mtoto aliyevaa kanzu nyeupe, anayeshika chetezo na kumimina maji mikononi mwa padri, Wakatoliki wa Tanzania humwita mtumikiaji. Maneno manne, kitenzi kimoja. Wageni wanaojifunza lugha hushangaa. Sisi tuliokulia nayo tumeyazoea mno hata hatuyaoni kuwa ni ndugu.

Bagamoyo ni mahali ambapo maneno hayo yalikutana katika miili ya watoto walewale. Mwaka 1868 mapadri Wafaransa walifungua pale misheni iliyokusudiwa kulea watoto waliotolewa utumwani. Waliwapa majembe, waliwapa rozari, waliwafundisha kusoma, kuimba na kutumikia misa. Chama chetu kina Waislamu, Wakristo, na wengine wasiopenda kuulizwa, kwa hiyo hatukusudii kulisifu kanisa wala kulishtaki. Tuna swali moja la kihistoria: shule iliyoanza na watoto walionunuliwa ilimfundishaje mtoto kutumikia, na ni lini huko kutumikia kukawa kwake yeye mwenyewe?

Tuanzie Unguja. Desemba 1860 padri Amand Fava alishuka Zanzibar akitoka kisiwa cha Réunion, pamoja na mapadri wenzake na masista wa shirika la Mabinti wa Maria. Sultani Majid bin Said aliwaruhusu kukaa mjini na kufungua karakana, zahanati na shule. Mwaka 1863 kazi hiyo ilikabidhiwa Shirika la Roho Mtakatifu, na padri Antoine Horner akawa mkubwa wake. Kutoka kwao Réunion si jambo la kupita haraka. Kile kilikuwa kisiwa cha mashamba ya miwa, koloni la Ufaransa ambalo utumwa ulikomeshwa mwaka 1848 tu. Mwaka uliofuata, 1849, ndipo likaanzishwa shirika hilo la Mabinti wa Maria, na ndani yake wanawake waliokuwa watumwa walivaa vazi moja na wanawake wa Kizungu. Kwa koloni la wakati ule lilikuwa jambo la kutikisa kichwa. Kwa hiyo masista waliopokea wasichana wa Zanzibar walitoka katika nyumba iliyoujua utumwa kwa kuuishi, si kwa kuusoma. Historia nyingi za misheni huwataja kwa mstari mmoja kisha zikarudi kwa mapadri. Tunaona hapo ndipo zinapokosa utamu, na pengine ndipo zinapokosa ukweli pia.

Watoto wenyewe walitoka sokoni. Mapadri walikwenda soko la watumwa la Zanzibar, wakalipa, wakarudi na watoto. Fedha ilitoka Ulaya, na sehemu yake kubwa ilitoka mifukoni mwa watoto wengine. Mwaka 1843 Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, alianzisha chama alichokiita Utoto Mtakatifu. Masharti yake yalikuwa mepesi ili mtoto aweze kuyashika: kila siku sala ya Salamu Maria, na kila mwezi sarafu moja ndogo, kwa ajili ya watoto wa nchi za mbali, wabatizwe na walelewe. Alikuwa akiifikiria China kwanza. Lakini baada ya miaka ishirini sarafu hizo zilikuwa zikifika Zanzibar na kuhesabiwa mbele ya madalali wa watumwa.

Fikirini picha hiyo. Msichana wa shule ya masista huko Ufaransa anajinyima peremende ili atumikie. Sarafu yake inavuka bahari. Mwisho wa safari yake inamnunua msichana wa umri wake aliyeketi juani Unguja. Mmoja anajifunza huduma, mwingine ndiye anayehudumiwa. Na mnunuzi ni mnunuzi: dalali hakuuliza nia ya mwenye fedha, wala bei haikupungua kwa sababu mteja alikuwa amevaa msalaba. Ubishi kwamba ukombozi wa namna hiyo ulilisha biashara ileile ulikuwapo tangu wakati huo, nasi tunauona una nguvu. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza, soko likafungwa, na tangu hapo watoto wengi waliofika misheni walikuwa wale waliokamatwa majahazini na manowari za Kiingereza kisha wakagawiwa misheni mbalimbali, za Kikatoliki na za Kianglikana. Hao hawakununuliwa. Lakini nao hawakuulizwa wanataka kupelekwa wapi.

Kwa nini Bagamoyo? Mjini Zanzibar nafasi ilikuwa finyu na macho yalikuwa mengi. Horner alitaka ardhi. Aliipata bara, karibu na bandari ambayo misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliishia. Machi 1868 kazi ikaanza: kufyeka pori, kuchimba visima, kupanda minazi, kujenga vibanda. Wafyekaji wengi walikuwa watoto. Aprili 1872 kimbunga kikubwa kilichopiga Zanzibar na mwambao kikabomoa karibu yote, wakaanza upya. Mapema mwaka 1873 Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyekuja kushughulikia ule mkataba, aliitembelea misheni akavutiwa sana, akaitaja katika ripoti zake kuwa mfano wa kuigwa. Alichokipenda ni kuwaona watoto wakigawanya siku kati ya darasa, kanisa na shamba, kila kitu kwa kengele.

Kengele hiyo ina nasaba yake. Ufaransa ya katikati ya karne ya 19 ilikuwa na mashamba ya kulea mayatima na vijana waliohukumiwa mahakamani. Lililovuma zaidi lilikuwa Mettray, lililofunguliwa kwa imani kwamba udongo na nidhamu hurekebisha mtu. Shirika la Roho Mtakatifu lenyewe lilikuwa na malezi ya aina hiyo. Kule Réunion, kuanzia 1864, liliendesha Îlet à Guillaume, gereza la watoto lililojengwa juu milimani, ambako wavulana walilima na kupasua njia katika miamba. Mwanahistoria Paul Kollman, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu uinjilishaji wa watumwa Afrika Mashariki, ameeleza vizuri jinsi mawazo ya taasisi hizo yalivyovuka bahari hadi Bagamoyo. Mapadri hawakuwa na chuki na watoto hao. Walikuwa na kielelezo kimoja tu cha kulea mtoto asiye na wazazi, nacho kilikuwa kielelezo cha mtoto mkosaji. Yatima wa Kiyao aliyenyakuliwa kwao akatiwa katika ratiba iliyotungwa kwa ajili ya kijana aliyeiba mkate huko Ufaransa.

Msomaji wa pwani atatukumbusha hapa kwamba hata chuoni mtoto alifanya kazi. Ni kweli. Katika miji yetu ya Waswahili, Bagamoyo ikiwamo, mtoto aliyepelekwa kusoma Kurani alimchotea mwalimu maji, akamletea kuni, akamlimia. Hakuna aliyeona ajabu: elimu ilikuwa baraka, na kumtumikia mwalimu kulikuwa sehemu ya kuipokea. Waislamu na Wakatoliki wa Bagamoyo wangeweza kukubaliana kabisa juu ya jambo hilo. Tofauti haikuwa katika jembe wala katika kuni. Mtoto wa chuo alikuwa na kwao. Jioni alirudi kwa mama yake, na mwalimu akizidisha fimbo kulikuwa na mjomba wa kuja kuuliza. Mtoto wa misheni alipomaliza palizi alirudi bwenini, na bweni na shamba na kanisa vilikuwa vya mtu mmoja. Ndiyo maana hatuwezi kuilinganisha kazi yake na ya mwenzake kwa kuhesabu saa tu.

Wavulana na wasichana walipokua, mapadri waliwaozesha wao kwa wao na kuwapa nyumba na kiwanja katika kijiji cha Wakristo kando ya misheni. Kutoka hapo baadhi ya familia changa zilichukuliwa kuanzisha vituo vipya bara: Mhonda mwaka 1877, kisha Mandera, Morogoro mwaka 1882, na vingine. Mpango ulikuwa kwamba kila kijiji kiwe mbegu. Kwenye karatasi ulipendeza. Lakini watu si minazi, hawakai walipopandwa. Wapo waliotoroka, wapo waliokwenda mjini Bagamoyo kutafuta ujira wa misafara, wapo waliobaki na kudai. Kollman anatilia mkazo kundi hili la mwisho, nasi tunakubaliana naye. Waliobaki hawakuwa wanyonge wasio na pa kwenda. Kwa kubaki kwao walikuwa wakiidai misheni iwe nyumbani: walitaka ardhi, walitaka ujira, walitaka kusikilizwa. Wengi waliona kwamba padri aliyewafundisha kuwa wote ni watoto wa Mungu mmoja hakuwatendea kama watoto wake, wakamwonyesha hivyo kwa vitendo. Mtoto akishaanza kumpima mwalimu kwa somo alilofundishwa na mwalimu huyohuyo, somo limemwingia.

Kuna kisa kimoja kinachoturudisha kwa masista. Mwaka 1870 Monsinyori Gaume alichapisha Paris kitabu kidogo kuhusu msichana aitwaye Suema, kwa maelezo yaliyotoka kwa Horner. Suema alikuwa Myao. Baba yake aliuawa na simba, njaa ikaingia, mama yake akakopa, na deni liliposhindikana kulipwa mtoto akachukuliwa na msafara. Mama aliomba afuatane naye, akabebeshwa mzigo, akaishiwa nguvu njiani, akaachwa afe. Msichana alifikishwa Unguja akiwa hana uhai wa kuonekana. Wenye mali wakamwona ni hasara, wakamfunga kwenye mkeka na kumfukia kaburini kabla ya kufa. Mpita njia alisikia kilio, akamfukua na kumpeleka kwa masista. Alipona, akafundishwa, akabatizwa, akawasaidia masista kuwauguza wagonjwa. Kisha siku moja akaletwa hospitalini mtu mwenye majeraha. Suema akamtambua: ndiye aliyeuongoza ule msafara.

Tunajua kisa hiki kiliandikwa ili kiwatoe machozi wasomaji wa Ufaransa na sarafu mifukoni mwao. Mwanahistoria Edward Alpers, aliyekichambua mwaka 1983, anakisoma kwa uangalifu huo, na bado anakiona ni ushahidi adimu wa namna wanawake na watoto walivyoathirika na biashara ile. Sisi tunaongeza moja. Hata mwandishi aliyetaka kumfanya Suema malaika hakuweza kuficha kwamba msichana alikataa kwanza. Chuki ilimpanda. Sista alimwambia asamehe, hakuweza. Alisali, akalia, na hatimaye akarudi kumfunga bendeji yule mtu. Katika shule yote ile ya kengele, tendo hili ndilo ambalo kengele haikulipigia. Hakuna aliyeweza kumlazimisha. Ukitaka kujua lini mtoto wa misheni alitumikia bila ya kutumwa, anza hapo, katika zile dakika alizosimama mlangoni akisema hapana.

Na lugha yake ilikuwa ipi? Watoto wa Bagamoyo walitoka kwa Wayao, Wazaramo, Wanyasa, Wamanyema na wengine. Kilichowaunganisha kilikuwa Kiswahili, nao walikijua kabla ya mapadri. Padri Charles Sacleux, aliyefika Zanzibar mwaka 1879 na kuishi Bagamoyo miaka mingi, alikusanya maneno kwa subira ya mtu anayekusanya majani ya mimea, kazi ambayo pia aliifanya. Kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilichapwa Paris kati ya 1939 na 1941, na wanaoshughulikia lahaja katika chama chetu bado hawana namna ya kuikwepa. Sala walizosali watoto hao zilijaa maneno yaliyokwisha kusaliwa pwani na Waislamu kwa karne nyingi: dini, malaika, shetani, dhambi, sadaka, roho, sala yenyewe. Padri na misa yaliingia kwa njia ya Kireno na Kilatini. Mtoto wa misheni akipiga magoti alikuwa akiongea na Mungu kwa maneno ya mji uliokuwa ng'ambo ya uzio. Kanisa lilitaka kumtenga na mji, lugha ilimrudisha.

Wavulana waliokijua Kiswahili hicho ndio waliokuja kuwa makatekista. Padri mmoja angeweza kusimamia eneo la siku nyingi za mwendo. Aliyekaa na watoto kila siku, akawafundisha ishara ya msalaba na herufi a, e, i, o, u chini ya mwembe, alikuwa katekista. Na mfano unaojulikana zaidi haukutoka Bagamoyo. Adrien Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa akiwa mdogo, akavushwa jangwa la Sahara na kununuliwa na Mapadri Weupe huko Algeria. Wakampeleka Malta, ambako Kardinali Lavigerie alikuwa na chuo cha kuwafundisha vijana wa Kiafrika utabibu. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akiwa tabibu na katekista. Alikaa hapo hadi kifo chake mwaka 1956: miaka sitini na saba ya kutibu na kufundisha mahali pamoja. Alioa mwanamke wa huko, mwanawe akawa padri. Mapadri Wazungu wa Karema walikuja wakafa au wakahamishwa. Atiman alibaki, mpaka watu wa ziwa wakamhesabu yeye ndiye mwenyeji na mapadri ndio wageni.

Tunamtaja kwa sababu njia yake ilianza kama ya watoto wa Bagamoyo, kwa fedha iliyolipwa. Hata hivyo alipewa kitu ambacho wengi wao hawakupewa, yaani ujuzi ambao padri mwenyewe hakuwa nao. Mgonjwa alipoletwa usiku, padri ndiye aliyemsubiri Atiman. Jembe halimpi mtoto nafasi hiyo.

Mwaka 1890 mapadri wa Bagamoyo walipanda hadi Kilimanjaro, wakapokewa Kilema na Mangi Fumba. Huko hesabu ilibadilika, maana watoto wa Kichaga walikuwa na mama zao. Walikuja asubuhi, wakarudi nyumbani mchana. Shule ikimchosha mzazi, mtoto haonekani kesho yake. Padri alilazimika kubembeleza, kujadiliana na mangi, kuahidi. Vijiji vya waliokombolewa vikapoteza umuhimu wake polepole, na shule za vigangoni zikachukua nafasi. Mtu anaweza kuandika kurasa nyingi juu ya Kibosho na Rombo, juu ya mashindano na Walutheri, na juu ya kahawa. Tunawaachia wenye Kilimanjaro yao. Kwa swali letu linatosha hili: mtoto ambaye angeweza kutokuja ndiye ambaye kuja kwake kuna maana.

Serikali ya Waingereza ilipoanza kutoa ruzuku kwa shule za misheni, shule ikawa kila kitu. Mwaka 1928 Askofu Arthur Hinsley, mjumbe wa Papa, aliwaambia maaskofu na wamisionari waliokutana Dar es Salaam kwamba ikiwa hawawezi kufanya yote mawili, afadhali wayaache makanisa yao nyuma ili shule zao ziwe bora. Usemi huo ulikumbukwa miongo mingi. Matunda yake yanajulikana: Pugu, Tabora na kwingineko, na kizazi kilichoongoza uhuru. Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyebatizwa mwaka 1943, alifundisha shule ya Mtakatifu Maria Tabora na baadaye ya Mtakatifu Fransisko Pugu, hadi 1955 alipoacha kazi ya ualimu kwa ajili ya siasa.

Lakini jibu kali kwa Hinsley lilitoka ndani ya shirika lilelile lililoanzisha Bagamoyo. Vincent Donovan, padri kutoka Pittsburgh (wenzetu wanaosoma mji huo hupita kila siku karibu na Chuo Kikuu cha Duquesne, ambacho shirika hilo lilikianzisha mwaka 1878), alipelekwa Loliondo, Umasaini. Mwaka 1966 alimwandikia askofu wake barua. Misheni ina shule nne nzuri na hospitali, alisema, na hakuna mtoto hata mmoja ambaye alipomaliza shule aliendelea kushika dini. Aliomba aache shule zote pembeni, awaendee watu wazima bomani na kuzungumza nao juu ya Mungu, basi. Baadaye aliandika kitabu kuhusu safari hizo. Wapo wanaosema alitia chumvi. Hata tukiipunguza chumvi, barua inabaki ngumu kuijibu: shule iliwapa watoto imani kama inavyowapa sare, nao walipotoka waliivua pamoja na sare.

Mwaka uliofuata, Machi 1967, Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na jembe likarudi shuleni, sasa kwa jina la taifa. Mtoto alime, afuge, ajue kwamba elimu ni kwa ajili ya kuwatumikia wenzake. Msomaji anayezikumbuka ripoti za misheni za karne ya 19 atasikia mwangwi, na waliopitia shule za miaka ile wanajua jinsi shamba la shule lilivyoweza kugeuka kuwa adhabu ya waliochelewa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikafuata. Kuanzia 1970 shule za makanisa zilizokuwa zikipata ruzuku zikawa za serikali. Kwa Kanisa Katoliki, lililokuwa na shule nyingi mno, lilikuwa pigo. Kwa mtazamo wetu ulikuwa pia mwanzo wa jambo lililochelewa tangu 1868, yaani malezi ya imani yaliyoondolewa kwenye mamlaka ya bweni na mahudhurio. Yaliyobaki yalikuwa vipindi vya dini, ambavyo watoto waligawanyika, huyu kwa padri au katekista, yule kwa ustadhi, kisha wakarudi darasa moja. Na vilibaki vyama.

Vyama hivyo havina kumbukumbu za kupendeza kama za Horner, kwa sababu vinaendeshwa na watoto na akina mama wa parokia. Katika shule za sekondari kuna TYCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki, kinachofuata njia ya padri Mbelgiji Joseph Cardijn: ona, amua, tenda. Tazama utaratibu wa vitenzi hivyo. Mwanafunzi haanzi kwa kutumwa. Anaanza kwa kuangalia mwenyewe ni nani shuleni hana daftari, ni nani anaonewa, kisha kikundi kinaamua, kisha kinatenda. Padri ni mlezi, anakaa pembeni. Baadhi yetu tulipita humo, na mikutano mingine ilikuwa ya usingizi tu, ratiba ya sala na soda. Lakini katika mingine kijana wa miaka kumi na mitano alisimama na kusema jambo ambalo mkuu wa shule hakutaka lisemwe.

Kwa walio wadogo zaidi kuna Utoto Mtakatifu. Ndicho chama kile cha Askofu wa Nancy. Mwaka 1922 Papa Pius XI alikipa hadhi ya kuwa shirika la kipapa, na leo kimo katika parokia nyingi za Tanzania, Kenya na Kongo. Watoto hukutana mwishoni mwa juma, husali, huimba, huwatembelea wagonjwa na wazee, hupeleka sabuni na unga kwa mayatima. Kaulimbiu yake ni kwamba watoto wawasaidie watoto, na katika nchi nyingi siku yake huadhimishwa wakati wa Tokeo la Bwana, mwezi Januari. Siku hiyo hutolewa sadaka ya watoto. Sarafu hizo hujumlishwa na za watoto wa nchi nyingine katika mfuko mmoja, kisha hugawiwa kwa ajili ya watoto wa mahali popote penye haja.

Yaani mtoto wa Bagamoyo wa leo, anayetoka nyumbani kwao na kurudi nyumbani kwao, anatia shilingi zake katika mfuko uleule ambao zamani ulitumwa kumnunua aliyekaa mahali pake. Mnara wa kanisa la kwanza la misheni ungali umesimama pale karibu na njia ya miembe. Ndani yake uliwekwa mwili wa Livingstone usiku mmoja wa Februari 1874, na wageni wengi hupiga picha kwa sababu hiyo. Watoto wa parokia hupita hapo Jumamosi wakienda kwenye mazoezi ya kutumikia misa.